Shukrani kwa uliyeturekebishia huduma ya tarehe

Hukuacha jina, basi shukrani zikufikie hapa hapa. Huduma yetu ndogo ya kubadili tarehe ilikuwa ikijibu "tarehe batili" kila ikipewa 1451001600000 (tarehe iliyoandikwa kwa hesabu ya milisekunde), ilhali siku hiyo hiyo ikiandikwa 2015-12-25 iliipokea bila shida. Ukatuonyesha chanzo: kinachotoka kwenye anwani ya wavuti ni maandishi hata kikiwa tarakimu tupu, na Date, chombo cha tarehe cha lugha ya programu ya JavaScript, hakiyasomi kama namba. Kagua kwanza kama ni tarakimu pekee, kisha ipitishe kwenye Number() igeuke namba. Mstari mmoja tu!

Ukaongeza la tarakimu 10: hizo ni sekunde, wakati JavaScript huhesabu milisekunde tangu 1 Januari 1970. Usipozidisha kwa 1000, 1451001600 inakupa 17 Januari 1970 na programu inanyamaza kana kwamba kila kitu ni sawa. Afadhali ingegoma.

Na kwa ile Z ya mwisho (alama kwamba saa ni za UTC, saa za kipimo za dunia), ahsante sana. 2015-12-25T00:00 bila Z husomwa kwa saa za seva. Seva ikifuata saa za Nairobi, jibu la UTC linakuwa tarehe 24, 21:00. Sasa ombi lenye saa lakini halina Z wala tofauti na UTC kama +03:00 tunalikataa.