Mashine ya umeme ihesabiwe kwa hekta, sio kwa moshi

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye hii mada ya pawatila (yale matrekta madogo ya kushika kwa mikono) na mashine za palizi za umeme, maana kila anayezisifia anaishia palepale, haitoi moshi. Sawa haitoi, lakini moshi wa shambani ni kipande tu, kuna uchimbaji wa madini, kuna kiwanda, kuna umeme wenyewe umetoka wapi, alafu kuna siku betri inakufa.

Vipimo vya kazi hii ya kuhesabu madhara ya mashine tangu madini mpaka betri inapokufa vipo, ni viwango vya kimataifa ISO 14040 na 14044 vya mwaka 2006, na kuna sharti lao moja naona linarukwa sana: mashine mbili zinalinganishwa kwa kazi ileile, mfano hekta moja iliyolimwa kina kilekile. Lita ya dizeli ikiungua inatoa kama kilo 2.7 za kaboni daioksaidi, na kwenye injini ndogo nguvu nyingi inaishia kuwa joto tu, wakati mota nzuri inageuza zaidi ya asilimia 80 ya umeme kuwa kazi. Ila ukichaji kwa umeme wa makaa ya mawe ile faida inapungua sana, ukichaji kwa jua au maji inabaki kubwa.

Sasa mimi kinachoniumiza ni betri. Pawatila inafanya kazi wiki chache za msimu halafu inalala stoo miezi, na betri ya lithiamu inazeeka hata ikiwa imekaa, hasa ikiachwa na chaji imejaa kwenye joto, kwahiyo madini yote yale na umeme wote wa kiwandani vinagawanywa kwa hekta chache mno. Ndio maana nasema betri ichomoke, ikitoka kwenye pawatila iingie kwenye pampu, iingie kwenye mashine ya kupukuchua mahindi, ifanye kazi mwaka mzima. Betri ya madini ya risasi na asidi bei yake inavutia ila ukiimaliza chaji mara kwa mara haidumu, na wanaoiyeyusha kienyeji wanaacha sumu ya risasi kwenye udongo watoto wanapochezea. Na hao watoto nao wamo kwenye hesabu jamani, sio kaboni peke yake!

Ombi langu, kila mnapoandika habari ya mashine mpya muulizeni muuzaji spea za mota zitapatikana kwa miaka mingapi, na betri ikifa mkulima anamrudishia nani. Jibu lake mlichapishe.

Msomaji wenu