Mbona msumari unavutwa na ncha zote mbili?

Malindi, Jumapili

Sahibu yangu Athmani,

Assalaam alaikum. Barua yako imefika, na swali la wanafunzi wako ni zuri mno: mbona msumari unavutwa na ncha zote mbili za sumaku?

Msumari hauna ncha za sumaku zake wenyewe. Ukiusogezea ncha ya kaskazini, upande wake wa karibu hugeuka kusini kwa muda huo. Ukiusogezea ya kusini, upande uleule huwa kaskazini. Na kwa kuwa ncha za majina tofauti huvutana, chuma kitupu huvutwa tu, hakisukumwi. Vitu viwili vikisukumana ndipo unapojua kwa yakini kwamba vyote ni sumaku, na kwamba ncha zilizoelekeana ni za jina moja. Anza somo hapo, nakusihi.

Sumaku ya spika mbovu yafaa sana. Ibandue kwanza kutoka kwenye bamba zake za chuma, la sivyo nguvu nyingi huishia humo ndani. Ncha zake ziko kwenye nyuso mbili bapa, si ukingoni. Pitisha uzi mwembamba tunduni, itundike mbali na vyuma vya dirisha na mbali na simu (spika ya simu nayo ina sumaku), kisha ngoja itulie. Uso unaotazama kaskazini ndio wa kaskazini. Hapo Lamu kibla kiko karibu kaskazini kabisa, basi mihrabu ya msikiti itakuthibitishia. Upake uso huo rangi nyekundu ya kucha. Usiandike K, maana kaskazini na kusini zote zaanza na K!

Sasa sindano. Ipitishie uso mwekundu kutoka kwenye tundu la sindano hadi kwenye ncha kali, mara 30 au 40. Kila ukifika mwisho, inua sumaku juu urudi nayo hewani. Ukisugua mbele na nyuma unafuta kazi yako. Ncha kali, inayoguswa mwisho, hupata jina la kinyume, yaani kusini, na tundu litaelekea kaskazini. Ichomeke kwenye kipande chembamba cha ndala, ielee katika bakuli la plastiki. Bakuli la bati litaivuta ukingoni. Sufuria ya alumini haina neno.

Leta uso mwekundu polepole, ukianzia kama sentimita 20 kutoka kwenye tundu. Sindano itazunguka na kukuletea ncha kali. Usiizuie kwa kidole huku ukisogeza sumaku karibu kabisa: sumaku ya spika ina nguvu kuishinda, itazigeuza ncha zake, na tundu lililokuwa likikimbia litavutwa. Watoto wataona kanuni imevunjika, kumbe sindano imebadilishwa.

Kusukumana kwenyewe kunaonekana vizuri zaidi kwa sumaku mbili za duara kwenye kijiti cha mti, nyekundu kwa nyekundu. Ya juu huning'inia hewani pale uzito wake unapolingana na msukumo. Kila mtoto aibonyeze kwa kidole, ahisi jinsi nguvu inavyopanda haraka nafasi ikipungua.

Zichunge zisianguke sakafuni, ni dhaifu kama vigae. Moja ikipasuka vipande viwili, vitakataa kurudi mahali pake, kwa sababu vyote vina kaskazini juu na kusini chini, ubavu kwa ubavu. Pindua kimoja juu chini, vitashikana papo hapo. Usivitupe, hilo ni somo la siku ya pili.

Wasalaam,
Omari