Wastani wa maoni unatuficha mgawanyiko

Mhariri,

Utafiti wa maoni ukitangazwa hapa Kisumu, tunasomewa wastani tu, kisha tunaambiwa wananchi "wako katikati". Huenda hapo katikati hakuna hata mtu mmoja.

Modeli moja, yaani kielelezo cha hesabu cha jinsi maoni ya watu yanavyobadilika wanapozungumza, iliyochapishwa mwaka 2000 na mtafiti Guillaume Deffuant na wenzake, humpa kila mtu namba, kuanzia 0 kwa anayepinga kabisa hadi 1 kwa anayeunga mkono kabisa. Watu hukutanishwa wawili wawili kwa bahati nasibu. Tofauti yao ikiwa ndani ya mpaka uliowekwa, husogeleana. Ikizidi, kila mtu hubaki na lake. Tuseme mpaka ni 0.2. Mama mboga wa soko la Kibuye mwenye 0.3 akizungumza na mteja mwenye 0.4, wanakutana kwenye 0.35. Akija mteja wa 0.8, hakuna anayesogea.

Anza na maoni yaliyotawanyika sawasawa, kisha rudia makutano hayo maelfu ya mara. Kwa mpaka wa 0.5, wote huishia pamoja. Kwa 0.2, mara nyingi hubaki makundi mawili makubwa yasiyosikilizana tena. Lakini wastani ni uleule, karibu 0.5, kwa sababu anachopunguza mmoja ndicho anachoongeza mwenzake.

Hili linagusa kazi halisi. Chanjo ya malaria ilizinduliwa Homa Bay Septemba 2019. Kwa hesabu hii, mzazi mwenye 0.1 hasogezwi na daktari mwenye 1 hata akihutubia baraza kumi. Jirani mwenye 0.25 anaweza kumsogeza.

Udhaifu wa modeli uko kwenye huo mpaka: wengi huubuni mezani. Upimwe nyanjani. Waulizwe watu walewale swali lilelile, kwa mfano baada ya wiki nne, pamoja na nani wamezungumza naye na yeye alikuwa na msimamo gani. Kuuliza watu wapya kila mara hakuonyeshi nani amehama. Jibu liwe la ngazi 0 hadi 10, maana "ndiyo" na "hapana" hufuta umbali wenyewe tunaoutafuta. Tena mtu aulizwe faraghani, si barazani chifu akisikiliza.

Kwa hiyo tunaomba gazeti lako, kila linapochapisha utafiti wa maoni, lichapishe pia idadi ya waliojibu katika kila ngazi. Nguzo kumi na moja za grafu zinatosha.

Wasomaji wako,
Milimani, Kisumu