Bangili za kina mama: Jumapili hii

Assalaam alaykum kina baba, mashangazi na kaka wakubwa. Kina mama hawamo kundini makusudi, tuwafichie siri hii tafadhali: watoto watawatengenezea bangili za shanga.

1. Jumapili saa 3 asubuhi, barazani kwangu Kikwajuni. Saa 6 tuwe tumemaliza, watoto wawahi Adhuhuri.
2. Mchango shilingi 3,000 kwa kila mtoto, mwisho Alkhamisi usiku. Ijumaa asubuhi nakwenda Darajani kununua shanga na uzi wa mpira.
3. Kila mtoto aje na kipimo cha mkono wa mama. Zungusheni uzi kwenye bangili yake anapoivua kupika, kisha ukateni uzi hapo hapo. Bangili isiyoingia mkononi itamvunja moyo mtoto.

Rangi achague mwenyewe, hata zisipooana. Mkubwa amsaidie kufunga fundo mara mbili na kulificha ndani ya tundu la shanga, basi. Walio chini ya miaka 4 wakae na mtu mzima, shanga ndogo hukaba koo.

Nani ataweza kuleta sahani bapa, shanga zisitawanyike? Naomba kila mmoja ajibu hapa kabla ya Jumatano usiku: idadi ya watoto na umri wao. Ahsanteni sana.