Daktari wa akili aje skuli, akae na walimu

Ndugu Mhariri,

Mtoto akirusha kiti darasani, akamng'ata mwenzake au akamtukana mwalimu mstarini, skuli zetu za Pemba zina njia tatu: bakora, barua ya kumwita mzazi, na kusimamishwa masomo. Mzazi naye ana yake, kumpeleka akasomewe. Sina ugomvi na kusomewa, mimi mwenyewe nimesomewa. Ninachouliza ni kwa nini katika safari yote hiyo mtoto hakutani na mtu hata mmoja aliyesomea maradhi ya akili.

Jibu nalijua: wataalamu ni wachache, na hospitali yenyewe iko Unguja, Kidongo Chekundu, jina ambalo mitaani limegeuka tusi. Mzazi gani atapanda boti na mwanawe kwenda huko kwa ukorofi wa darasani? Lakini uchache huo ndio hoja yangu. Baada ya mwaka 1948, daktari wa akili Gerald Caplan alikuwa Israel na wasaidizi wachache mno, na maelfu ya watoto wahamiaji wametawanyika kwenye makaazi ya kulelea watoto. Kuwaita kliniki mmoja mmoja kusingekwisha. Akawafuata waliko, na akakaa zaidi na walezi kuliko na watoto. Mlezi akishamwelewa mtoto mmoja, kwa wa pili na wa tatu anajua pa kuanzia hata daktari akiwa hayupo.

Ndivyo ninavyotaka iwe Wete na Micheweni. Daktari, au muuguzi wa afya ya akili, aje skuli siku moja kwa mwezi, akae na mwalimu wa darasa na yule wa ushauri nasaha (ambaye vipindi vyake vimejaa kama vya wenzake, ushauri anautoa wakati wa mapumziko). Aulize yale yasiyoulizwa na bakora. Mtoto analala? Anasikia vizuri? Ukorofi huu umeanza lini, na nyumbani kulikuwa na nini wakati huo? Je, huwa anazubaa ghafla kwa sekunde chache, mara nyingi kwa siku, kisha akaendelea kama hapakuwa na kitu? Kipo kifafa kisichomwangusha mtu, na mwenye nacho huweza kuchapwa kila siku kwa kutosikiliza. Baada ya hapo wapange pamoja: nani amtoe nje akipandwa na hasira, akae wapi, kazi apewe kidogo kidogo vipi. Anayehitaji dawa apelekwe hospitali, mzazi akiwa ameridhia.

Siri lazima ilindwe. Pemba kila mtu ni jamaa wa mtu. Jina la mtoto likitajwa ofisini asubuhi, jioni liko barazani.

Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Si wote wanaorusha viti. Wengine wamekaa kimya nyuma ya darasa, na mwalimu aliyezoea kuzungumza na daktari atawaona na hao.

Mafuta ya gari kamati za skuli zinaweza kuchangia. Kilichobaki ni Wizara ya Elimu na Wizara ya Afya kukubaliana nani atamruhusu mtaalamu kutoka hospitali siku hiyo, na wagonjwa wake watahudumiwa na nani.

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba