Kwa Mpwa Wangu Anayeandika Kitabu cha Wasimamizi wa Seva

Mpwa wangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, mswada ulionipa siku ya Idi nimeusoma wote, hata zile kurasa za mwanzo zinazosimulia historia ya kompyuta tangu enzi za abakasi. Nakujibu hadharani kwa sababu hapa Malindi na huko kwenu Lamu wako vijana wengine wenye mswada kama huu, na nitakayokwambia yanawahusu nao.

Kurasa hizo za mwanzo zifute. Anayefungua kitabu cha kusimamia seva, yaani kompyuta kuu inayozihudumia kompyuta nyingine, hajakaa darasani. Yuko mbele ya mashine iliyogoma, na mkuu wa ofisi amesimama nyuma yake akimuuliza mishahara italipwa lini. Umeandika kama mwanafunzi anayemwonyesha mtahini kwamba amesoma, ilhali wewe kazi hii unaifanya kila siku na unaijua kuliko hao watahini.

Mtazame marehemu Evi Nemeth. Alikuwa mwanahisabati, akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, mwaka 1971, kisha akafundisha sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Colorado, mjini Boulder, Marekani. Katika miaka ya 1980 alisimamia kompyuta za idara yake mwenyewe, na kutokana na kazi hiyo, akishirikiana na Garth Snyder na Scott Seebass, mwaka 1989 alitoa UNIX System Administration Handbook. Wakati ule kila kiwanda kikubwa cha kompyuta kilikuwa na Unix yake, yaani mfumo endeshi unaoongoza mashine, amri ya mashine hii ikikataa katika mashine ile, na vitabu vya viwanda vilieleza kila amri kwa urefu pasipo kumwambia msomaji ni ipi ya kutumia na ipi ya kuikimbia. Nemeth na wenzake walimwambia. Walipoona programu fulani ni mbovu waliandika kwamba ni mbovu, hata kama ilikuwa ya kampuni kubwa, na nadhani hiyo ndiyo sababu wasimamizi walikiamini kitabu kile kuliko makaratasi yaliyokuja ndani ya katoni pamoja na mashine.

Tena walijua kuchagua. Toleo la 3, la mwaka 2000, lilishika mifumo minne tu, yaani Solaris, HP-UX, Red Hat Linux na FreeBSD, likaonyesha kazi ile ile inavyofanyika katika kila mmoja. Wewe umeorodhesha mifumo ambayo sidhani kama kuna mtu kati ya Mokowe na Kipini aliyewahi kuiona. Andika kuhusu ile miwili au mitatu unayoishika kwa mikono yako.

Sasa nije kwenye lile lililonisikitisha, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu. Unakumbuka ule waya wa mtandao uliouchomoa katika ofisi iliyo karibu na gati? Ulinionyesha vile vimeno vya shaba kwenye kichwa chake, vimeota kutu ya kijani kwa chumvi ya hewa, ukanieleza kwamba taa ya swichi, kile kisanduku kinachounganisha nyaya za mtandao, ilikuwa ikiwaka vizuri na kila mtu akadhani tatizo ni seva, huku data ikikatika-katika. Ukakata kichwa kile, ukabana kipya kwa koleo, mambo yakatengenea. Katika mswada wako nimelitafuta jambo hilo sikuliona. Sikuona pia habari ya kuta za matumbawe za mji wa kale, zenye unene wa karibu nusu mita, ambazo mawimbi ya mtandao usio na waya huzipenya kwa taabu. Wala sikuona msimamizi afanye nini diski inapokufa siku ya Ijumaa na diski nyingine iko Mombasa. Usidhani mambo haya ni ya kishamba, hayafai kitabuni. Toleo la 4 la kitabu cha akina Nemeth, la mwaka 2010, lina sura nzima ya chumba cha mashine, umeme wake na namna ya kukipoza, na ipo nyingine inayozungumzia sera na siasa za kazini.

Sura yako ya nakala za akiba ni nzuri kuliko nyingine zote, ila imeishia njiani. Umeeleza nakala kamili ya data na nakala ya mabadiliko, yaani ya yaliyobadilika tu, ukaeleza ratiba ya kila usiku, ukanyamaza. Nyumba za Lamu zimebanana ukuta kwa ukuta. Moto ukizuka, nakala iliyowekwa chumba cha pili itaungua pamoja na seva. Na kuirejesha je? Mfundishe msomaji achukue mashine tupu, airejeshe data yote humo, afungue mafaili mawili matatu ayakague, na aandike kazi hiyo ilichukua saa ngapi, ili mkuu wake atakapomuuliza awe na jibu la kweli.

Jambo la mwisho ni hilo la kutaka kuandika peke yako. Nemeth alistaafu akaenda kusafiri baharini kwa matanga, na mwezi Juni 2013 akapotea pamoja na wenzake sita katika jahazi Niña, lililojengwa mwaka 1928, walipokuwa wakitoka Opua, New Zealand, kwenda Newcastle, Australia. Ujumbe wao wa mwisho ni wa tarehe 4 Juni. Hawakupatikana, Mungu awarehemu. Hata hivyo toleo la 5 lilitoka mwaka 2017, na jina lake likawekwa la kwanza, kwa kuwa kazi ilikuwa na watu wa kuiendeleza. Mtafute yule mwenzako wa hospitali anayekupinga kila mnapokutana. Huyo ndiye anayekufaa.

Kuhusu mchapishaji, usihangaike. Michael W. Lucas, Mmarekani aliyeandika Absolute BSD ya mwaka 2002, kitabu cha mfumo wa FreeBSD, alipofika kwenye SSH Mastery, kitabu cha SSH, ile njia ya kuingia kwa usalama katika kompyuta ya mbali, mwaka 2012, aliitoa chini ya Tilted Windmill Press, kampuni yake mwenyewe, na kitabu chenyewe ni chembamba, kina jambo moja tu. Nawe chukua sura ya nakala za akiba, iongeze hayo niliyoyataja, uitoe kama kijitabu. Hizo nyingine zitakuja kwa zamu yake.

Naomba niione sura hiyo kabla ya Maulidi, pamoja na masahihisho ya mwenzako kwa mwandiko wake. Mama yako umsalimie sana, umwambie halua imefika.

Wasalaam,
Mjomba wako, Malindi