Kosa la mmoja lisisomwe kwa mwingine

Mhariri,

Naandika programu za kupokea malipo hapa Mwanza. Mwezi uliopita mama mmoja aliyekuwa akimlipia mwanawe ada aliambiwa "salio halitoshi", ilhali pesa alikuwa nazo. Kilichokwama ni mtandao. Nilikesha siku mbili nikisaka chanzo. Kumbe maktaba ya programu tuliyoitumia, yaani msimbo uliotungwa tayari na wengine, ilihifadhi kosa la mwisho mahali pamoja tu, na nyuzi zote (kazi zinazoendeshwa sambamba ndani ya programu moja) zikaandika humo humo. Uzi uliomhudumia mama ukasoma kosa la mteja mwingine.

Jambo hili si geni. Katika lugha ya programu ya C, errno, yaani kigeu (mahali pa kuwekea thamani) kinachobeba namba ya kosa la mwisho, ilianza ikiwa moja tu kwa programu nzima. Kanuni za POSIX, za mifumo ya kompyuta ya jamii ya Unix, za mwaka 1995 ndizo zilizotaka kila uzi uwe na errno yake.

Nawasihi vijana wanaotunga maktaba: rudisheni kosa pamoja na jibu kila programu inapoiita maktaba, au upeni kila uzi sehemu yake. Kufuli pekee, yaani kuzuia nyuzi mbili zisiguse mahali pamoja kwa wakati mmoja, halitoshi, maana kati ya kuandika kosa na kulisoma, uzi mwingine hupenya.

Mwandishi wa programu,
Mwanza